Micheri Mifupi ya Hamadi

Wanangu,

Nimesikia kwamba bustani yenu ya pale nyuma ya majumba yetu, Stratford, ina mcheri mnaoupenda sana na usiowapenda nyinyi. Kila mwaka baridi ikilegea unachanua mweupe kama bi harusi, mnaupiga picha, mnawatumia jamaa zenu Zanzibar na Mombasa, halafu maua yanapukutika na hakuna kinachobaki. Kijana wenu mmoja alinikuta kwenye lifti akaniuliza, "Bibi Raya, tuutie dawa gani huu mti?" Nikamwambia nitaandika, maana mimi nashuka ghorofa ya tatu na maneno yangu yanafika ya ishirini.

Mti wenu hauumwi. Uko peke yake, basi. Micheri mitamu, jamii zake nyingi, haizai kwa chavua yake yenyewe. Inataka mwenzake wa jamii nyingine anayechanua wakati ule ule, na nyuki wa kupeleka salamu baina yao. Na msende mkanunua mwingine wa jina lile lile mkadhani mmeuoza, kwani miti ya jina moja yote ni mti mmoja uliokatwa vipande. Ni sawa na kumwoza mtu kivuli chake. Sisi kwetu mabinamu wanaoana na karamu inaliwa. Mcheri hautaki. Ziko hata jamii za majina tofauti ambazo hazipatani, kwa hiyo muulizeni anayewauzia, na asipojua nendeni kwa mwingine. Jirani akiwa na mti unaofaa upande wa pili wa ukuta, inatosha. Nyuki hawaombi viza. Zipo na jamii chache zinazojitosheleza zenyewe, lakini wenu ungekuwa wa hizo msingenisimamisha kwenye lifti.

Haya nilijifunza kwenye shamba la Bi Margaret, pembezoni kabisa mwa London, kusini mashariki, pale mabasi mekundu yanapochoka na kugeuza. Nilianza kazi binti yangu Salma hajaenda shule, nikaacha Salma mwenyewe anapeleka watoto wake shule. Nimepanda, nimepogoa, nimechuma, nimegombana na ndege. Lakini siwezi kuwaandikia habari za cheri nikamruka Hamadi, mume wangu, Mungu amrehemu, maana shambani niliingia kwa ajili yake, si kwa ajili ya matunda.

Hamadi alikuwa mchumaji karafuu wa Pemba, mtoto wa mchumaji. Mkarafuu mzee ni mrefu na matawi yake hukatika bila kuaga. Mchumaji hodari huyavuta kwa upembo, ile fimbo yenye ndoano, huyafunga kwa kamba yasije yakamtupa, na huko juu anaimba ili wenzake wajue bado yupo. Hamadi alikuwa wa kupandishwa miti ambayo wengine waliitazama wakakumbuka wana watoto. Baada ya mapinduzi mambo yetu yaligeuka. Sitaki kuyaeleza hapa. Kila nyumba ina yake. Tulitoka, tukakaa Mombasa kidogo, tukafika London na Salma akiwa bado wa kubebwa.

Hapa Stratford tulipata fleti ya kaunsili, nyumba za serikali ya mtaa, na Hamadi akapata kazi ya kupanga masanduku kwenye ghala. Sasa mjue kwamba niliolewa na mtu msemaji, mtu wa mizaha, ambaye chai ya watu ilikuwa ikipoa kwa sababu yake. London aliacha kusema. Hakuwa na ugomvi na mtu. Akirudi kazini alikaa dirishani, nikimuuliza chakula anatikisa kichwa, Salma akimletea mdoli wake anaupokea na kuupakata kimya. Mimi sikuogopa baridi wala ugeni. Niliogopa kile kimya, kwa sababu kila wiki kilikuwa kinamchukua zaidi, na nilijua iko siku nitaamka nimkute yupo na hayupo.

Mama mmoja wa Kiingereza aliyekaa mlango wa pili ndiye aliyeniambia kwamba kiangazi huja lori kuchukua watu wa kuchuma matunda, familia nzima nzima, na watoto wao. Nilimwambia Hamadi kuna miti. Hakunijibu, lakini asubuhi lori lilipokuja alivaa viatu kabla yangu.

Micheri ya enzi hizo ilikuwa mirefu kama ghorofa, imepandwa na babu yake Bi Margaret. Msimamizi wetu alikuwa Len, Mwingereza mkavu mwenye masikio makubwa. Alianza kutueleza namna ya kuegemeza ngazi za pale, ndefu, za mbao, pana chini na nyembamba juu. Hamadi hakumsikiliza. Alikuwa ameinua uso anautazama mti. Akavua viatu, akavua na soksi akazitia ndani ya viatu, na Len hajamaliza maelezo yake Hamadi yuko juu kwenye majani, haonekani ila nyayo.

"Raya," akaita kutoka huko. "Raya, huku kuna upepo."

Kwa muda mrefu hakuwa ameniita kwa jina bila mimi kumwita kwanza. Nilishika shina la mti nikalia. Len akadhani mume wangu ameanguka, akazunguka mti mbio akimtafuta chini.

Sasa nicheke kidogo. Mnajua karafuu inavyochumwa: unavunja kichala kizima pamoja na majani yake, unajaza kikapu, mkirudi mnakaa kwenye jamvi mnachambua, karafuu huku na makonyo huku, kwani makonyo nayo yana soko lake. Basi sisi tukafanya kazi kama tulivyolelewa. Hamadi alivunja vichala juu, akavishusha kwa kikapu. Mimi nikatandika blanketi chini ya mti, nikakunja miguu, nikachambua. Cheri huku, vikonyo huku. Nilichambua kwa kasi ya kwetu na nilijiona nawaaibisha wenyeji, kwani wao vikapu vyao vilikuwa na vikonyo vimejaa tele.

Len akaja kunisimamia. Alikuwa na tabia ya kuvua kofia akitaka kutukana, ili asitukane. Akavua kofia. Cheri zangu zote zilikuwa zinatoka maji pale kikonyo kilipong'oka, blanketi limekuwa jekundu, na nzi wameshapata habari. Aliinama akaokota kijitawi kifupi chenye mikunjo mikunjo, kimoja katika vile Hamadi alivyovunja pamoja na matunda, akaniwekea kiganjani na kunionyesha macho madogo yaliyoanza kuvimba kwenye kifundo chake. Kwa Kiingereza cha polepole akaniambia haya ni matunda ya mwakani, na ya mwaka ule mwingine, na mwingine.

Nikamwita Hamadi ashuke, nikamtafsiria. Alikichukua kile kifundo akakigeuza geuza. Halafu mnajua alifanya nini? Alipanda nacho tena juu, akatafuta jeraha lake, akajaribu kukirudisha mahali pake. Len alimtazama kutoka chini mpaka akavaa kofia. Tangu siku hiyo hakutaka tuondoke pale, na msimu ulipokwisha ndiye aliyemwomba Bi Margaret atupe kile kijumba cha langoni tukakaa.

Kwa hiyo hili liwaingie kabla ya mengine yote. Mnapochuma mshike kikonyo, msishike tunda. Mkisokote kidogo kuelekea juu, kitaachia chenyewe, na kifundo kibaki mtini. Cheri yenye kikonyo kibichi inakaa siku nyingi. Isiyo na kikonyo ni ya kula pale pale. Na chumeni asubuhi jua halijapata nguvu, mziweke kivulini. Cheri iliyochumwa na joto lake inalegea kabla hamjafika stesheni.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Msimu ule wa kwanza niliomba zile zenye wekundu wa nusu nusu, nikazifunga kwenye magazeti, nikazitia chini ya kitanda ndani ya sanduku, nikazivundika kama ndizi. Kila jioni nakwenda kuzibonyeza. Zilinywea, zikakunjamana, hatimaye zikaota ukungu, na hazikuiva. Cheri haivundikwi, wanangu. Ukiitoa mtini mbichi itabaki mbichi mpaka ioze. Sukari yote inaingia siku zile za mwisho, na hizo ndizo siku ambazo ndege nao wanazijua. Iacheni mpaka rangi imekolea hadi kwenye kikonyo, muonje, msubiri tena kidogo, muonje. Kuonja kupita kiasi ni wizi, lakini Len alikuwa akigeuka upande mwingine.

Tuliishi vizuri na ile miti mirefu. Hamadi alirudi kuwa Hamadi. Alisema kutwa nzima huko juu, mara anaimba, mara anamtania Len kwa Kiswahili, na Len anamjibu kwa Kiingereza, wote wawili wanacheka na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Jioni ananisimulia mambo niliyoyaona mwenyewe mchana kana kwamba sikuwapo. Nilimwachia. Ningemsikiliza hata akinisomea maandishi ya kopo la maziwa.

Aliyetuharibia raha alikuwa bwana mmoja wa Southall. Jina lake Jaswant, Mpunjabi mzaliwa wa Nairobi, muuza matunda. Bi Margaret alitutuma kwake na gari kwa sababu tulikuwa na lugha moja. Siku hizi unapanda treni ya zambarau hapa Stratford unashukia Southall umekaa kitako. Wakati ule safari ilikuwa ya kuaga watu. Tukamfikia na masanduku yetu, akatukaribisha chai, akafungua sanduku la kwanza, akamwaga cheri mezani na kuzitenga kwa kidole.

"Mama, hii imepasuka," akasema. "Hii imepasuka. Hii ndege amekula nusu, ameniachia nusu. Na hii ni kama pilipili manga. Mteja yangu anataka ile kubwa, ya kujaza mdomo. Hii mimi nitauzia nani?"

Hamadi akamwambia, "Mvua, bwana. Mvua hainyeshi kwa amri yetu."

"Najua. Lakini mteja hanunui mvua, bwana Hamadi. Kunywa chai."

Hakutusema vibaya wala hakukosea. Cheri ikikaribia kuiva mvua ikanyesha, tunda linakunywa maji kwa ngozi na kwa mizizi, ngozi haiwezi kunyooka tena, linapasuka. Mti mrefu hauwezi kuufunika. Nyavu za ndege hazifiki. Matunda ya ndani yamekaa gizani, madogo, hayana ladha. Na wapandaji walikuwa wanapungua. Mwaka ule Len alikuwa anastaafu kwenda kwa dada yake, na vijana waliokuja na lori walipanda ngazi nusu wakashuka kuvuta sigara. Bi Margaret alikwenda kusoma, akatembelea mashamba ya watu, akarudi akatukalisha jikoni kwake. Akasema ama ang'oe miti yote apande mifupi, ama auze ardhi wajenge nyumba. Alisema macho yake yakiwa mekundu, maana ilikuwa miti ya babu yake.

Mimi nilimtazama Hamadi. Alikuwa anatazama kikombe.

Siku misumeno ilipokuja alifunga dirisha. Siku iliyofuata alitoka, akasimama ukingoni mwa uwanja mtupu, akarudi. Miche ikaletwa, imebebeshwa juu ya mashina ya jamii fupi ili isirefuke, ikapandwa mistari mistari. Nikamwambia twende tukasaidie.

"Mti gani ule unamfika mtu kifuani?" akasema. "Ule si mti, Raya, ule mchicha. Miye s'endi kulima mchicha."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa kawaida. Haukuwa mzaha. Akakaa dirishani. Wiki ya kwanza alinijibu, ya pili akatikisa kichwa, na mwezi ulipoisha nikakitambua kile kimya kimerudi, kimekaa kwenye kiti chake cha zamani kana kwamba kilikuwa kimetoka kununua mkate. Nilipiga moyo konde nikaenda kazini. Salma alikuwa amekuwa mkubwa, akaniuliza kwa Kiingereza baba ana nini, nikamwambia amechoka. Bi Margaret alimletea keki. Aliikubali akaiweka.

Miche ile nayo ikatutia wasiwasi. Ilikua kwa fujo, matawi yote yamesimama wima kama watoto walioitwa jina darasani, na haikutoa maua. Bi Margaret akanieleza alichofundishwa: tawi linalosimama wima linajenga mti, tawi linalolala linatoa maua. Tuyainamishe yakiwa bado machanga, mwishoni mwa kiangazi, tuyafunge yalale karibu sambamba na ardhi. Ni neno la kweli, limejaribiwa na wengi, nanyi mkimpata mwenzake wa mti wenu mfanye hivyo hivyo. Lakini kujua kwamba tawi lilale ni jambo moja na kulilaza ni jingine. Nilishika la kwanza nikalivuta, likakatika, ta. La pili, ta. Mstari wetu wa kwanza ulikuwa karibu na kijumba chetu, na sauti ya tawi bichi likivunjika inakwenda mbali.

La tatu, ta. Dirisha likafunguliwa.

Mpaka leo Salma ananiuliza kama nilivunja makusudi. Sikuvunja makusudi. Ila nisingejuta.

Hamadi alitoka na ndara na shati la kulalia. Akaja moja kwa moja, akanitoa mkono kwenye tawi la nne.

"Waua mti, mama weye," akasema. "Nani kakufunza kulivuta nchani? Nchani hakuna kitu. Mshike kwapani."

"Kwapani wapi?"

"Hapa. Linapotokea shinani. Mkono mmoja hapa umzuie, huu mwingine umpeleke. Si hivyo. Taratibu. Mpeleke kidogo, umwachie apumue, umpeleke tena. Utalisikia likikwambia basi. Sikia. Umelisikia?"

Sikusikia chochote. Nikasema nimelisikia.

"Hukusikia," akasema. "Mwongo mkubwa." Na akacheka.

Alikuwa amekaa juu ya matawi tangu utoto, wanangu. Alijua kwa mwili wake tawi linabeba nini na linakataa lini, kwani huko juu kutojua ni kufa. Alililaza tawi lile kama mtu anavyomlaza mtoto ambaye hajashikwa na usingizi sawasawa. Kamba ya Bi Margaret hakuitaka, alisema itamkaba. Alikwenda ndani akarudi na kikoi chake kikuukuu, akakipasua vipande virefu, akafunga kwa kitanzi kipana ambacho mti utanenepea ndani yake bila kuumia, na ncha ya pili kwenye kigingi. Halafu tawi la tano. Alinikaripia mpaka jua likatuchoma na sijawahi kufurahia kukaripiwa vile. Bi Margaret alikuja na chai, akasimama na sinia mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama Hamadi atakubali kuwaonyesha na wengine. Nikamwambia asimuulize. Amletee tu vigingi.

Akapita mti kwa mti, mistari yote, mwaka ule na uliofuata. Maua yalipokuja yalikuja tangu shinani hadi nchani. Na hapo tukajifunza shida nyingine, kwamba mti mfupi una bidii ya kupita kiasi. Ukiuachia uzae kila ua utakupa cheri nyingi kama shanga na tamu kama maji ya bomba. Kwa hiyo baridi inapokaribia kwisha, macho hayajafumbuka, punguzeni baadhi ya vifundo kwa vidole ili majani yaweze kuyalisha matunda yatakayobaki. Inauma. Hamadi alikuwa anafanya huku ameangalia pembeni. Lakini Jaswant alipoziona cheri za mwaka ule aliweka moja mdomoni, akashindwa kusema, akatunyooshea kidole gumba.

Tuliweka mapaa ya plastiki juu ya mistari kabla matunda hayajaanza kubadilika rangi, na nyavu pembeni. Wakati wa maua tuliacha pembeni wazi ili nyuki wapite. Maji tuliyatia kidogo kidogo, mara kwa mara. Udongo uliokaa na kiu halafu ukanyweshwa kwa pupa unapasua tunda hata kama hakuna mvua. Na kupogoa, chonde chonde, msipogoe mcheri wakati wa baridi na unyevu. Jeraha linakaa wazi na ugonjwa unaingia, na mti unakufa tawi kwa tawi huku mnautazama. Pogoeni kiangazi baada ya kuchuma, siku kavu. Len alikuwa akisema atakayemkuta na mkasi kwenye mcheri wakati wa baridi atampogoa yeye, na aliirudia ahadi hiyo kila mwaka, ingawa hakumpogoa mtu.

Msidhani Hamadi aliipenda ile miti. Alisema nayo, aliikaripia, aliiita mchicha mbele ya wageni. Nilikuwa nikimuuliza, "Kwani huipendi hata kidogo?" Anasema, "Naitunza." Mimi nilichotaka ni asinyamaze, na hakunyamaza, basi sikumwuliza zaidi. Nilidhani ni kiburi cha mpandaji kushushwa chini, nikamwachia kiburi chake.

Miaka ikaenda. Magoti yake yalikataa kwanza, halafu kifua. Tukarudi Stratford, kwenye majumba haya yenye lifti, kuwa karibu na Salma. Hospitali wakampa kiti cha magurudumu, akakichukia. Mtu wa mikarafuu anasukumwa kama mzigo sokoni, na vijana wanampisha. Akaanza kukataa kutoka, akaanza kujibu kwa kichwa. Nilikuwa nimeshazeeka nami, wanangu, na nilipokisikia kile kimya kikivua viatu mlangoni kwa mara ya tatu, sikujua tena ningekifukuza na nini.

Msimu wa cheri ulipofika, Salma alitupakia kwenye gari bila kumwomba ruhusa baba yake. Bi Margaret, naye ana fimbo sasa, alitufungulia lango mwenyewe. Nikamsukuma Hamadi katikati ya mistari, nyasi zimekatwa, magurudumu yanapita vizuri. Yale matawi aliyoyalaza yeye yalikuwa yamenenepa, yamejaa, yamelala usawa wa mabega yake akiwa amekaa vile vile. Niliegesha kiti nikajifanya nafunga mtandio.

Akainua mkono. Hakuhitaji hata kunyoosha kiwiko. Akachuma moja, akaila, akachuma ya pili akaitazama.

"Raya," akasema. "Wajua mimi naogopa juu?"

Nikamwambia asinitanie.

"Naogopa. Tangu utoto. Baba alinipandisha nikalia mpaka nikajikojolea, naye alikuwa chini akisema imba, imba, ukiimba hutatazama chini. Kila mti niliopanda niliogopa. Wa Pemba na wa hapa."

"Sasa miaka yote ile kwa nini ulipanda?"

Aliigeuza ile cheri kwa kikonyo chake. "Kule Pemba nilipanda kwa sababu ndiyo kazi," akasema. "Hapa nilipanda kwa sababu mtu akiogopa juu ya mti, hafikirii kitu kingine. Anafikiria mkono na mguu. Nikishuka chini, nakumbuka kila kitu. Nyumba, watu, wote. Walipong'oa miti, nikasema sasa nitakwenda wapi na haya."

Nimeishi na mtu huyu, nimemfulia, nimemzalia, nimemwogopea kimya chake, na nilikuwa sijui. Nikamwuliza, "Na sasa, hapa chini?"

"Sasa nakumbuka," akasema. "Kaa nikwambie."

Akaanza na nyumba ya baba yake, mlango wake ulielekea wapi. Akaja kwa mama yake, ambaye jina lake hakuwa amelitamka tangu tuvuke maji. Akataja mchumaji mmoja aliyeanguka, rafiki yake, na alivyoimba siku ile kabla hajaanguka. Aliwataja majirani mmoja mmoja, wa kulia na wa kushoto, nani alikuwa mkali, nani alikuwa mchoyo wa maji, nani alibaki. Salma alikuja kutuita chakula, akamwona baba yake analia na anasema, akataka kumzuia. Nikamwashiria atuache.

Niliketi kwenye nyasi karibu na goti lake. Alikuwa anachuma huku anasema, kwa kikonyo, taratibu, anakula. Akimaliza anatema mbegu kwenye kiganja changu, anafuta mdomo, anaendelea.